Likizo ya Wawili Katika Nchi ya Joto: Mwongozo Kamili wa Kurudi Mmepumzika Kweli

Kisa ninachoandikiwa ni kilekile, wanaobadilika ni wahusika tu. Siku kumi, visiwa vinne, feri tano, mabega yaliyobambuka ngozi, na ugomvi mmoja mzito kwenye foleni ya uwanja wa ndege. Watu wawili walikwenda kupumzika, wakarudi wakihitaji wiki nyingine ya kujiuguza.

Mara nyingi kosa si la hoteli. Walipanga safari ya nchi ya joto kama mtu anavyopanga kutembelea jiji la baridi: kutoka asubuhi, kurudi usiku, kila siku pahali papya. Kwenye tropiki mambo hayaendi hivyo. Jua lina ratiba yake, na asiyeifuata hulazimishwa kuifuata, kwa kuumwa kichwa au kwa kulazwa kitandani.

Hatua zilizo hapa ni za wawili wenye siku 10 hadi 14. Wenye siku tano wafuate hizohizo, ila wakae mahali pamoja tu.

## Mtakavyohitaji

Nyaraka na pesa

- Pasipoti zenye uhai wa angalau miezi 6 zaidi ya tarehe ya kurudi, na kurasa mbili tupu
- Viza au kibali cha kuingia, na tiketi ya kurudi
- Bima ya safari inayotaja matibabu na usafiri wa dharura wa mgonjwa
- Kadi mbili za benki za akaunti tofauti, kila mmoja abebe yake
- Nakala za nyaraka zote kwenye simu ya kila mmoja

Vya mwilini

- Nguo nyepesi za mikono mirefu, kofia ya ukingo mpana, kandambili na viatu vya kuingilia majini
- Losheni ya jua ya SPF 30 au zaidi (kiasi chake nitakieleza, maana hapa ndipo wengi wanapokosea)
- Dawa ya kufukuza mbu yenye DEET asilimia 20 hadi 30, au pikaridini
- Pakiti za ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji tumbo likiharisha), paracetamol, plasta, na dawa zenu za kila siku zikiwa kwenye vifungashio vyake

Vidogo vinavyookoa siku

- Tochi, pawabanki, adapta ya soketi, mfuko usiopitisha maji, na chandarua chepesi kama mtalala kwenye vibanda vya wazi

## Hatua ya 1: Chagueni mwezi kwanza, nchi baadaye

Wengi huanza na picha ya ufuo. Anzeni na kalenda ya likizo zenu, kisha muulize: mwezi huo, ni wapi kukavu?

Nchi moja inaweza kuwa na misimu miwili kinyume kwa wakati mmoja. Pepo za kusi zikishavuka ikweta huwa ndizo monsuni ya kusini-magharibi, na kuanzia Mei hadi Septemba huipiga Sri Lanka upande huo. Miezi hiyohiyo pwani ya mashariki ya kisiwa hichohicho huwa shwari. Thailand nayo ndivyo: Phuket hupata mvua zake Mei hadi Oktoba, wakati Koh Samui, ng'ambo ya pili, huloa zaidi Oktoba hadi Desemba. Kwa hiyo swali "Julai ni msimu mzuri Sri Lanka?" halina jibu mpaka useme pwani ipi.

Nalijua hili kwa gharama. Mimi na mwenzangu tuliwahi kufika pwani ya kusini-magharibi ya Sri Lanka mwezi Juni, tukavutwa na bei iliyoshuka. Chumba kilitazama bahari. Bahari nayo ilitutazama siku sita, bendera nyekundu ikipepea mlingotini asubuhi hadi jioni, chumvi ikiganda kwenye vioo vya dirisha. Hatukulowesha hata kifundo cha mguu.

Vimbunga pia vina miezi yake. Karibi na Atlantiki msimu rasmi ni tarehe 1 Juni hadi 30 Novemba, na hatari kubwa ni Agosti hadi Oktoba. Aruba, Bonaire na Curaçao, kwa kuwa ziko kusini sana, hupigwa kwa nadra. Fiji na majirani zake, miezi ya kuangalia ni Novemba hadi Aprili.

Onyo: Kateni bima siku mnayolipia tiketi. Kimbunga kikishapewa jina, bima nyingi zinazokatwa baada ya hapo hazifidii hasara yake.

Mkifaulu: mnaweza kusema kwa sentensi moja mnakwenda pwani ipi, mwezi gani, na kwa nini si pwani nyingine.

## Hatua ya 2: Kubalianeni maana ya "kupumzika"

Hapa ndipo safari nyingi huvunjikia, wiki kadhaa kabla ya ndege kuruka. Mmoja akisema kupumzika ana maana ya kulala hadi jua lipande, kitabu kifuani. Mwingine ana maana ya kupiga mbizi, kupanda kilima, na kupumzisha kichwa tu. Wote wako sawa, lakini hawasafiri safari moja.

Kila mmoja achukue karatasi yake na aandike vitu vitatu tu: kimoja ambacho asipokifanya ataona safari imepotea, kimoja ambacho hataki kabisa, na saa anayopenda kuamka. Andikeni bila kuchunguliana, kisha mbadilishane.

Yale mawili ya lazima ndiyo yanayoingia kwenye ratiba. Mengine yote ni ya hiari, na hiari maana yake mmoja anaweza kwenda peke yake bila mwenzake kununa. Saa mbili za kila mtu na lake zimeokoa likizo nyingi kuliko chakula cha jioni cha mishumaa.

Kwenye karatasi hizohizo malizeni suala la pesa: jumla ni kiasi gani, na kila mmoja anaweza kutumia kiasi gani bila kumuuliza mwenzake. Likiachwa, litazungumzwa mbele ya muuza vinyago, na halitazungumzwa kwa upole.

## Hatua ya 3: Vituo viwili, visizidi vitatu

Siku ya kuhama si siku ya likizo. Ihesabuni wenyewe: kufunga mabegi, kulipa na kurudisha funguo, gari hadi bandarini, kusubiri feri, feri yenyewe, gari jingine, kisha kukaa kwenye viti vya mapokezi kwa sababu chumba hakijasafishwa. Mnafungua begi jioni, jasho limekauka mgongoni mara mbili. Vituo vinne ndani ya siku kumi ni siku tatu za kuhama, pamoja na ya kufika na ya kuondoka. Nusu ya likizo imeishia kwenye mabegi.

Mpangilio unaofanya kazi ni huu: mahali pa kwanza pawe karibu na uwanja wa ndege mnaoshukia, usiku 4 au 5. Mahali pa pili pawe tofauti, milimani kama mlianza pwani, kwa usiku 5 au zaidi. Kutofautiana huko ndiko kutakakowapa hisia ya safari mbili, si wingi wa vituo. Milima ya tropiki pia hupunguza joto: kwa wastani, kila mita 1,000 unazopanda hukushushia nyuzi 6 hivi za sentigredi.

Onyo: Usiku wa mwisho msilale kisiwani mnakotoka kwa boti kama ndege yenu ni asubuhi. Bahari ikichafuka, boti haitoki, na ndege haisubiri.

## Hatua ya 4: Wiki sita kabla, daktari na karatasi

Nendeni kwa daktari au kliniki ya chanjo wiki 4 hadi 6 kabla, kwa sababu baadhi ya chanjo na dawa zinahitaji muda.

Cheti cha homa ya manjano huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchanjwa. Ukichanjwa juzi, mpakani unahesabiwa hujachanjwa. Tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha, kwa hiyo cha zamani kingali halali. Angalieni pia nchi mnazopitia: baadhi hukidai kwa abiria aliyekaa zaidi ya saa 12 kwenye uwanja wa nchi yenye ugonjwa huo.

Dawa za kukinga malaria hutofautiana. Zipo zinazoanzwa siku moja au mbili kabla na kuendelea siku 7 baada ya kutoka eneo la malaria. Nyingine huendelea wiki 4. Daktari atachagua, kazi yenu ni kumaliza dozi hata mkishafika nyumbani.

Wanaopanga kupata mtoto wamuulize daktari kuhusu Zika, ugonjwa wa virusi unaoweza kumdhuru mtoto tumboni. Huletwa na mbu, na pia huambukizwa kwa kujamiiana. Ushauri wa kawaida baada ya kutoka eneo lenye Zika ni kusubiri miezi 3 kabla ya kutafuta mimba kama mwanamume alisafiri, na miezi 2 kama ni mwanamke peke yake. Ni vyema kulijua kabla ya fungate kuliko katikati yake.

Na maarusi: jina la kwenye tiketi liwe lile la kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Kama pasipoti bado ina jina la ubini wa zamani, kateni tiketi kwa jina hilo. Ubini mpya mtaufurahia mkirudi.

## Hatua ya 5: Fungeni mizigo kwa kuchanganya

Gawaneni nguo: nusu za mmoja ziingie kwenye begi la mwenzake. Begi moja likipotea, hakuna atakayebaki na vazi alilosafiria tu.

Dawa, pasipoti, nguo moja ya kubadilisha na pawabanki viingie begi la mkononi. Pawabanki haziruhusiwi kwenye mizigo ya chini ya ndege, na kikomo cha kawaida bila kuomba ruhusa ni saa-wati 100 (Wh, kipimo cha nishati ya betri). Ya mAh 20,000 ina kama saa-wati 74, kwa hiyo inapita.

Sasa losheni. Mwili mzima wa mtu mzima unahitaji mililita 30 hivi kwa kupaka mara moja, na unarudia kila baada ya saa mbili ukiwa nje, na kila utokapo majini. Chupa ya mililita 200 ni mipako sita na kitu. Kwa watu wawili ni mara tatu kila mmoja. Haitoshi hata wikendi. Anayerudi na chupa ileile nusu imebaki hakujipaka, alijigusa tu.

Jibu si kubeba ndoo. Vaeni shati la mikono mirefu hata kwenye maji, losheni ibaki kwa uso, shingo, mikono na miguu.

## Hatua ya 6: Siku tatu za kwanza, msifanye la maana

Hatua hii huchukiwa, na ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote.

Mwili huchukua siku 7 hadi 14 kulizoea joto kikamilifu: unajifunza kutoa jasho mapema zaidi na kupunguza chumvi inayopotea. Saa za mwili nazo hurekebika kwa takriban siku moja kwa kila kanda ya saa mliyovuka. Anayeshuka ndegeni usiku na kupanda mlima kesho yake anaudai mwili kazi ambayo bado haujafundishwa.

Siku ya kwanza: fikeni, ogeni, mle, mtembee dakika ishirini jioni. Basi. Siku ya pili, tafuteni mahali pa kunywa kitu asubuhi na mahali penye kivuli mchana. Siku ya tatu, kitu kimoja kifupi kabla jua halijapanda.

Kunyweni maji kabla ya kiu kubana, na mwangalie rangi ya mkojo: ukiwa wa njano iliyopauka, mko sawa, ukikoza, ongezeni maji. Kiyoyozi cha usiku hakiuzuii mwili kulizoea joto la mchana, ila si lazima kukiweka baridi kupindukia. Feni na dirisha lenye wavu vinatosha wengi.

Onyo: Mwenzako akianza kuongea ovyo, kupepesuka au kuchanganyikiwa kwenye joto, hayo si mambo ya kumpa maji na kungoja. Ni kiharusi cha joto. Mtoe juani, mmwagie maji, mpepee kwa nguvu, na msaada wa hospitali uitwe papo hapo.

Mkifaulu: asubuhi ya nne mmoja wenu anaamka bila kengele na kuuliza, "Leo ni siku gani?"

## Hatua ya 7: Siku nzima ifuate kivuli

Kipimo cha bure ni kivuli chako mwenyewe. Kikiwa kifupi kuliko urefu wako, jua ni kali kiasi cha kutafuta pa kujificha. Kwenye tropiki saa za kulikwepa ni kama saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, na wingu jembamba haliwakingi.

*Saa kumi na mbili hadi saa nne asubuhi* ndio muda wa kila kitu cha miguu: magofu, masoko, vilima, ndege wa msituni. Kuna ubaridi kidogo, kuna mwanga mzuri wa picha, na watu ni wachache. Msimu wa mvua pia asubuhi ndiyo hukauka zaidi mahali pengi, kwa sababu joto la mchana ndilo linaloyapandisha mawingu yanayomwagika alasiri.

*Saa nne hadi saa kumi* ni kivuli, kuoga, chakula, kulala. Usione aibu. Wenyeji nao wako ndani, kama umeangalia vizuri.

*Saa kumi kuendelea* ni ufuo na matembezi. Lakini karibu na ikweta jua huzama wima, na baada ya kuzama mnabaki na mwanga wa chini ya nusu saa. Mnaokwenda kutazama machweo kutoka kileleni, beba tochi. Simu yenye chaji asilimia tisa si tochi.

Kamera ikitoka kwenye chumba cha kiyoyozi, iacheni ndani ya begi nusu saa kabla ya kuitoa. La sivyo lenzi itajaa ukungu na mtapiga picha za wingu.

Pikipiki ya kukodi ni raha ya wawili, naikubali. Someni kwanza bima yenu: nyingi hazilipi kama dereva hana leseni ya pikipiki inayotambulika nchi ile, au kama hakuvaa helmeti. Leseni ya gari pekee haitoshi.

## Hatua ya 8: Bahari muisome kabla ya kuingia

Simameni dakika tano ufukweni bila kulowa. Tafuteni mahali mawimbi yanapovunjika, kisha mahali yasipovunjika. Ule ukanda uliotulia, wenye rangi iliyokoza, katikati ya mapovu ya pande mbili, ndio unaovutia wageni kuoga. Mara nyingi ndio mkondo unaorudisha maji baharini.

Ukikuchukua, usishindane nao kuelekea ufukweni. Elea, pumua, kisha ogelea sambamba na ufuo mpaka utoke kwenye ukanda huo, ndipo urudi na mawimbi. Mwenzako asikimbilie majini kukuokoa mikono mitupu: arushe kitu kinachoelea na aite msaada. Waliozama wakimwokoa mpenzi ni wengi.

Bendera nyekundu na njano pamoja huonyesha eneo linalolindwa na waokoaji. Nyekundu tupu ni hatari, hata kama bahari inaonekana imelala.

Kabla ya kununua losheni ya baharini, someni viambato. Palau ilipiga marufuku aina zinazodhuru matumbawe kuanzia 2020, na Hawaii ikazuia kuuzwa kwa zile zenye oksibenzoni na oktinoksati kuanzia 2021. Za zinki hupita.

Na hili la mwisho la ufukweni: msitundike bembea chini ya mnazi wenye madafu.

## Hatua ya 9: Mbu wa zamu mbili, na tumbo

Anayeeneza malaria huuma kuanzia magharibi hadi alfajiri. Chandarua ndicho dawa yake. Anayeeneza homa ya dengi huuma mchana, hasa asubuhi na kabla ya jua kuzama, kwa hiyo chandarua cha usiku hakimsumbui. Pakeni losheni ya jua kwanza, iingie, kisha dawa ya mbu juu yake.

Mkipata homa huko, tumieni paracetamol. Epukeni aspirini na ibuprofeni mpaka dengi iondolewe shaka, kwa kuwa huongeza hatari ya kutoka damu.

Tumbo likichafuka na ORS zimekwisha: lita moja ya maji salama, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chumvi. Mnywaji anywe kidogo kidogo. Damu kwenye choo, homa, au kushindwa kubakiza maji tumboni, nendeni hospitali.

## Hatua ya 10: Siku mbili za mwisho

Waliopiga mbizi kwa mitungi wasipande ndege mapema. Baada ya mbizi moja subirini angalau saa 12. Baada ya mbizi kadhaa, saa 18. Ndiyo maana siku ya mwisho huwa ya nchi kavu.

Mashine ya kutolea pesa au ya malipo ikiwauliza mtozwe kwa sarafu ya kwenu au ya pale, chagueni ya pale. Ile nyingine hubadilishwa kwa kiwango cha mwenye mashine.

Rudini nyumbani angalau siku moja kabla ya kuanza kazi. Mchanga utatoka kwenye mabegi kwa wiki nzima, hilo halina dawa.

Homa yoyote itakayowapata ndani ya miezi mitatu baada ya kurudi, hata kama inafanana na mafua, nendeni kupima siku hiyohiyo. Sentensi ya kwanza kwa daktari iwe jina la nchi mliyotoka na tarehe mliyoondoka.